Pampu Inayosita: Somo Kutoka kwa Mafundi wa Ndege wa Wilson



Ukishuka pale steji ya Kawangware 56 utaona mafundi wa jua kali kila upande. Huyu anagonga bodi ya matatu, yule amefungua karabureta ya pikipiki. Ng'ambo ya Kibera, kando ya barabara ya Lang'ata, kuna mafundi wa namna nyingine. Hao ni wale wa uwanja wa ndege wa Wilson, na ndege ndogo wanazozitengeneza ndizo watu wa Kibera huziona zikipita juu ya mabati yao kila siku.

Kwa nini gazeti la vikundi vya kujisaidia lizungumze habari za ndege? Ni kwa sababu vikundi vingi vimechanga pesa kwa miaka, vikanunua mashine ya posho, pampu ya maji au jenereta. Halafu kipuri kimoja kikaanza kusita: leo kinafanya kazi, kesho kinakataa. Kipuri kilichokufa kabisa hubadilishwa mara moja, lakini kile kinachosita huvumiliwa, na hapo ndipo hasara inapoingia. Mafundi wa ndege hawakivumilii. Hebu tuone wanafanyaje, kisha tujiulize sisi tunafanyaje.

Kwa nini ndege nyingine zina pampu na nyingine hazina

Tazama pikipiki ya karabureta. Tanki liko juu na injini iko chini, kwa hivyo petroli hushuka yenyewe kama maji ya mlimani. Hata injini nyingi za dizeli za kusaga unga huwekewa tanki juu ukutani kwa sababu hiyo hiyo. Ndege ndogo kama Cessna 172 ya karabureta iko hivyo: mabawa yako juu, matanki yamo ndani ya mabawa, na mafuta hushuka.

Lakini ndege kama Piper Cherokee ina mabawa chini. Matanki yako chini kuliko injini, na mafuta hayapandi mlima yenyewe. Lazima yavutwe. Kwa hiyo Piper ina pampu mbili. Ya kwanza huendeshwa na injini yenyewe. Ya pili ni ya stima, nayo hutumia betri. Rubani huwasha ile ya stima wakati wa kupaa, wakati wa kutua, na anapobadilisha tanki. Hizo ndizo nyakati ambapo injini ikizima hana nafasi ya kujitetea.

Hapa kwetu ndege za aina hii zina historia. Amref ilianza mwaka 1957 kama huduma ya madaktari wa kuruka, na makao ya ndege zake yakawa Wilson. Dkt. Anne Spoerry, aliyezaliwa Ufaransa, alijifunza urubani akiwa amepita miaka 40. Kwa zaidi ya miaka 30 akawa anajiendeshea ndege ndogo hadi kaskazini mwa Kenya na upande wa Lamu kutibu wagonjwa. Watu walimwita Mama Daktari. Piper ilikuwa ndege yake ya miaka mingi. Alifariki mwaka 1999. Siku hizi Amref hutumia ndege kubwa zaidi, lakini ndege ndogo za petroli bado ziko Wilson, hasa katika vyuo vya urubani.

Sasa fikiria pampu inayosita juu ya Kibera. Matatu ikizima, dereva huegesha kando na utingo anashuka kusukuma. Ndege haina pa kuegesha, na chini ni nyumba za watu.

Pampu inafanyaje kazi, na inaumwaje

Pampu ya injini ni kitu kidogo cha kushikwa kwa mkono mmoja. Ndani yake kuna kiwambo, yaani ngozi laini ya mpira. Injini inapozunguka, kijiti cha chuma husukuma mkono wa pampu, mkono huvuta kiwambo, na kiwambo huvuta petroli na kuisukuma mbele. Vali mbili ndogo huhakikisha mafuta hayarudi nyuma.

Mpira huzeeka. Joto la injini huukausha, na mwisho hupasuka. Fundi huangalia dalili hizi:

1. Mshale wa geji ya mafuta unachezacheza. Kwa injini nyingi za Lycoming zenye karabureta, shinikizo linalokubalika ni kati ya paundi 0.5 na 8 kwa inchi ya mraba.
2. Mshale unashuka kila pampu ya stima inapozimwa. Maana yake ile ya injini imekuwa ikibebwa na mwenzake.
3. Kuna alama za rangi ya samawati karibu na pampu. Petroli ya ndege hutiwa rangi hiyo ili aina yake itambulike, na rangi hiyo husaidia uvujaji kuonekana.
4. Petroli inadondoka kwenye kipaipu cha kutolea uchafu chini ya pampu, au oili ya injini inanuka petroli. Oili iliyochanganyika na petroli huwa nyepesi, na injini huliwa.

Usiilaumu pampu kabla ya kuchunguza

Hapa kuna somo la kwanza. Mshale ukicheza, fundi mzuri hakimbilii kununua pampu. Anaanza na vitu vya bei rahisi. Je, filta imeziba? Je, tundu la kupumulia la tanki limezibwa na mdudu au udongo? Hilo likiziba, tanki hubanwa na mafuta hayatoki hata pampu ikiwa mpya. Je, paipu ya kuvuta ina ufa unaoingiza hewa? Je, geji yenyewe ndiyo inayodanganya?

Tena kuna mambo ya joto. Wilson iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mahali pa juu petroli hugeuka mvuke upesi zaidi. Injini iliyotoka kuzimwa jua likiwa kali inaweza kujaza mvuke kwenye paipu, na pampu huvuta mvuke badala ya mafuta. Hapo pampu haina hatia.

Fundi asiyechunguza atabadilisha pampu, na baada ya wiki moja shida itarudi. Mwenye ndege atakuwa amelipa mara mbili. Je, hili halijatokea katika kikundi chenu?

Jinsi pampu inavyobadilishwa

Hatuandiki haya ili mtu akajaribu. Kazi hii hufanywa na fundi mwenye leseni, naye hufuata kitabu cha watengenezaji. Tunaandika ili muone utaratibu.

Kwanza, betri hufunguliwa, swichi ya mafuta hufungwa, na kizima-moto huwekwa karibu. Hakuna sigara, hakuna cheche. Pale kwenye pampu huoshwa ili uchafu usiingie ndani.

Pili, fundi anaandika au kuchora jinsi paipu zilivyokaa, kisha anazifungua na kuziba midomo yake. Chembe moja ya mchanga yatosha kuziba karabureta.

Tatu, anafungua bolti mbili zinazoshika pampu na kuitoa. Anakwangua gasketi kuukuu hadi chuma kiwe safi, kwa sababu gasketi haitumiki mara mbili.

Nne, na hapa ndipo penye hatari, ni kile kijiti cha chuma. Pampu ikitoka, kijiti hushuka. Fundi hukipandisha na kukishikiza kwa grisi kidogo, au huzungusha propela polepole kwa mkono hadi kijiti kiwe juu. Kabla ya kugusa propela anahakikisha swichi za magneto zimefungwa. Magneto hutengeneza cheche bila betri, na propela ya injini iliyozimwa bado inaweza kumpiga mtu. Mkono wa pampu mpya ukikaa upande usiofaa wa kijiti, bolti zitakuwa ngumu kuingia. Fundi mwenye haraka atazikaza kwa nguvu, na kitu kitavunjika ndani. Fundi mwenye subira atatoa pampu na kuanza upya. Bolti lazima zianze kuingia kwa vidole.

Tano, bolti hukazwa kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu, wala si kwa kukisia. Paipu hurudishwa bila kuzungushia ile tepu nyeupe ya mafundi wa maji, kwa maana vipande vyake hukatika na kuingia kwenye mafuta.

Sita, pampu ya stima huwashwa kwanza na kila kiungo hutazamwa kama kinavuja. Halafu injini huwashwa, pampu ya stima huzimwa, na mshale hutazamwa. Sasa pampu mpya inabeba mzigo peke yake. Baada ya safari fupi, hufunguliwa na kukaguliwa tena.

Kipuri, kitabu na sahihi

Pampu mpya huja na karatasi yake inayoonyesha imetoka wapi na nani aliipima. Ukipata pampu inayofanana nayo kwenye maduka ya spea ya barabara ya Kirinyaga, hata kama inaingia vizuri, haikubaliki bila karatasi hiyo.

Kisha kazi yote huandikwa kwenye kitabu cha ndege: tarehe, saa ambazo injini imetembea, namba ya kipuri kilichotoka na kilichoingia, na sahihi ya fundi. Fundi huyo amepewa leseni na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, iliyoundwa mwaka 2002. Ndege ikiuzwa, kitabu huenda nayo. Atakayeifungua baada ya miaka 10 atajua ilifanyiwa nini.

Na sisi je?

Turudi kwenye mashine yetu ya posho. Kama injini inasita kila Jumamosi wakati foleni ni ndefu, akina mama wanabeba mahindi hadi kwa tajiri wa sokoni. Fundi anaitwa, analipwa, anaondoka, na hakuna aliyeandika alichofanya. Anaitwa tena. Mwisho wa mwezi pesa hazitoshi, na watu wanaanza kumtazama mweka hazina kwa jicho baya. Kumbe mwizi ni filta ya dizeli iliyoziba! Vikundi vimevunjika kwa mambo kama hayo, na urafiki wa miaka ukaenda nayo.

Daftari la shilingi chache lingeokoa kikundi hicho. Andikeni tarehe, shida, kilichobadilishwa, bei, jina la fundi, na sahihi za wanachama wawili waliokuwepo. Fundi akitoa kipuri, mwambieni awaachie kile cha zamani mkione.

Wekeni pia akiba. Tuseme kipuri kinagharimu shilingi 6,000 na mnasaga gorogoro 100 kwa siku. Mkitenga shilingi moja tu kwa kila gorogoro, baada ya siku 60 za kazi pesa za kipuri ziko tayari, bila michango ya ghafla. Mnakumbuka ule mfano wa wanawali kumi. Wote walikuwa na taa, lakini ni watano tu waliobeba mafuta ya akiba.

Na kipuri kikianza kusita, msingoje kife. Chunguzeni sababu, kisha kibadilisheni siku ambayo hakuna foleni. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Mashine yetu ina kipuri gani kinachosita sasa? Tumekivumilia tangu lini?
2. Mara ya mwisho fundi alipokuja, ni nani alikuwepo, na imeandikwa wapi?
3. Je, tuna "pampu ya pili", yaani njia nyingine ya kuendelea mashine ikisimama?
4. Ni nani wawili watakaotunza daftari kuanzia wiki hii?