Kipato Kikubwa, Akiba ya Siku Arobaini

Tunapohimizana kuweka akiba, mara nyingi tunamfikiria mtu mwenye kipato kidogo. Mwenye mshahara mnono tunamwacha, tukiamini hilo amekwisha kulimaliza. Lakini kipato na mali ni vitu viwili. Kipato ni kile kinachoingia mwezi huu. Mali ni kile kitakachokuwepo siku kipato kikikatika.

Tupige hesabu. Familia moja inapata shilingi 1,500,000 kwa mwezi baada ya makato, nyingine 6,000,000. Kila moja inaweka akiba asilimia 10. Baada ya mwaka, ya kwanza ina 1,800,000 na ya pili 7,200,000. Kazi zikikoma, ya kwanza, iliyozoea kutumia 1,350,000 kwa mwezi, itasukuma kama siku 40. Na ya pili, iliyozoea 5,400,000? Siku 40 zilezile.

Sasa familia ya pili ikiweka asilimia 30, kwa mwaka itakuwa na 21,600,000, na matumizi yake yatakuwa 4,200,000 kwa mwezi. Hapo itaishi zaidi ya miezi mitano. Akiba imeongezeka na mahitaji yamepungua kwa wakati mmoja. Familia ya kwanza haiwezi kuiga hesabu hiyo bila kugusa chakula na kodi ya nyumba. Ya pili inaweza. Kwa nini basi wengi wa kundi lake hawafanyi hivyo?

Mchumi wa Marekani, James Duesenberry, alilijadili hili katika kitabu chake cha mwaka 1949. Kwa maelezo yake, matumizi ya mtu hufuata sana matumizi ya wale anaojilinganisha nao, na yakishapanda hayashuki kirahisi hata kipato kikishuka. Kwetu Tanzania mfano hautafutwi mbali: ada ya shule ya kimataifa, mkopo wa gari, michango ya harusi. Kamati ya harusi haimtazami mkurugenzi kama inavyomtazama mwalimu wa msingi, na mkurugenzi huona aibu kuchangia kadi ya singo. Mtoto naye akishazoea shule fulani, kumhamisha ni kama kuutangazia ukoo mzima kwamba baba ameanguka. Kwa hiyo hata mzazi anapostaafu au kuachishwa kazi, ada ndiyo ya mwisho kuguswa, na kiinua mgongo huishia huko.

Sisi tunaosoma falsafa tunakutana na jambo hili kwa Aristotle, katika kitabu cha nne cha Maadili ya Nikomako. Anauweka ukarimu katikati ya ubadhirifu na uchoyo, na anasema hupimwa kwa uwezo wa mtoaji, si kwa wingi wa kinachotolewa. Lenye uzito zaidi kwetu ni lile analosema juu ya mbadhirifu: mali yake ikimwishia na hamu ya kutumia ikabaki, huanza kuchukua pasipostahili. Tunadhani hapa kuna maelezo ya sehemu fulani ya rushwa ya maofisini, ile ya watu ambao hawana njaa hata kidogo.

Hata hivyo Aristotle anaona uchoyo ni mbaya zaidi, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino anakubaliana naye: mbadhirifu walau huwafaa wengine, tena umri na uhaba vinaweza kumponya. Kwa hiyo asilimia 30 tuliyoitaja haipatikani kihalali kwa kuchelewesha mshahara wa dada wa kazi au kuacha kumlipia ada mtoto wa marehemu kaka. Ikatwe kwenye yale yaliyoongezwa kwa sababu jirani anayo. Na njia iliyo rahisi ni kuikata siku mshahara unapopanda, kabla nyongeza haijazoeleka nyumbani.