Jiko la mtumbwini: gesi ni safi, lakini inahitaji mahali pake

Lusahunga, wilayani Biharamulo mkoani Kagera, ni kituo kinachojulikana sana na madereva wa malori yanayokwenda Rusumo, mpakani na Rwanda. Hapo nyama huchomwa kandokando ya barabara, juu ya majiko ya mkaa yaliyosimama kwenye ardhi tulivu, na jiko likipinduka hasara ni mishikaki michache na mkaa uliomwagika. Majiko ya aina hiyo hiyo hupakiwa mitumbwini katika Ziwa Victoria, kwenye mialo ya Muleba na ya Chato, wilaya ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya Biharamulo. Huko jiko hukaa juu ya mbao, karibu na nyavu za nailoni na galoni la petroli, na anayelitumia hana pa kukimbilia.

Swali la jiko lipi lifae chomboni lina uzito mpya hivi sasa. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuhakikisha asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mvuvi aliyeacha kuni nyumbani kwake na kununua mtungi wa gesi ataona ni jambo la kawaida kuuchukua mtungi huo aendapo ziwani. Haki hiyo anayo. Ila tabia ya gesi ndani ya mtumbwi si ile ya jikoni, na tofauti hiyo inapaswa kueleweka kabla ya safari ya kwanza.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya nyumba, hutambaa sakafuni, na mtu akifungua mlango hutoka nje. Mtumbwi hauna mlango chini. Umeundwa ili maji yasiingie, na kwa sababu hiyo hiyo gesi iliyoingia haitoki: hujaa sehemu ya chini, pale yanapokusanyika maji ambayo wavuvi huyafua kwa kopo, na kukaa hapo bila kuonekana. Harufu iliyotiwa kwenye gesi ili kuwaonya watu huweza kupotea katikati ya harufu ya dagaa na ya petroli. Cheche moja ya kiberiti au ya waya wa betri ya taa inatosha kuiwasha yote kwa mara moja.

Kwa hiyo mtungi ukae juu, mahali pa wazi, ambapo gesi ikivuja itamwagikia nje ya chombo. Usiwekwe chini ya mbao za kukanyagia wala ndani ya kibanda cha mbele. Usimame wima na kufungwa kwa kamba pande mbili. Koki ya mtungi ifungwe kila mara upishi unapokwisha, maana kuzima jiko peke yake hakutoshi: mpira ukipasuka, gesi itaendelea kutoka. Viungo vya mpira na regulata hupimwa kwa povu la sabuni, na mapovu yakikua, pana mvujo. Kupima kwa kiberiti, kama wafanyavyo baadhi ya watu, ni kuitafuta ajali.

Mtungi mdogo wa kilo 6 wenye jiko lililofungwa juu yake, ambao ndio umeenea majumbani, haufai hapa. Ukishaweka sufuria, uzito wote huwa juu na kitako ni chembamba. Yafaa zaidi jiko pana la bamba, lenye miguu mifupi, linalounganishwa na mtungi kwa mpira. Likiwa na kifaa kinachokata gesi chenyewe moto unapozimika, ni bora zaidi, kwa kuwa upepo wa ziwa huzima moto ghafla na gesi ikaendelea kutoka kimyakimya.

Kipo kipimo kingine ambacho hakiandikwi kwenye maelezo ya kiwandani, nacho ni ugali. Kuusonga kunahitaji nguvu za mikono miwili, na sufuria husukumwa huku na huku hata kama ziwa limetulia. Jiko lisiloweza kuvumilia mwiko halifai kusafiri. Lazima liwe na kingo za chuma zinazoishika sufuria, na lenyewe lifungwe kwenye mbao. Anayetaka kulijaribu aweke sufuria iliyojaa maji ya baridi, chombo kikiwa bado kimefungwa mwaloni, kisha wenzake wakiyumbishe.

Mkaa nao una watetezi wake, na si bure. Hauvuji, haulipuki, na samaki aliyechomwa juu yake ana ladha ambayo moto wa gesi hautoi. Lakini cheche zake hupeperushwa na upepo hadi kwenye nyavu, na kitako cha jiko la bati huunguza mbao polepole bila mtu kujua. Anayeuchagua aliweke jiko ndani ya sinia la chuma lenye kingo na mchanga wa kina cha kutosha, alifunike kwa wavu wa chuma, na asiliwashe kwa petroli hata tone. Jiko lenye kikombe cha udongo hutunza joto vizuri, ila maji ya wimbi yakilirukia likiwa moto, udongo hupasuka.

Hatari kubwa ya mkaa huja baada ya kula. Usiku wa baridi au wa mvua, wavuvi hujifunika turubai na kulivuta jiko karibu ili wapate joto. Mkaa unaofifia hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mtu huumwa kichwa, huona usingizi, kisha haamki. Makaa yazimwe kabisa kabla ya turubai kushushwa, na yasiachwe chini yake hata kama yanaonekana kuwa majivu.

Betri za sola zinazowasha taa za dagaa haziwezi kuchukua nafasi hiyo. Taa hula umeme kidogo, ilhali jiko la umeme la wati 1,000 humaliza betri ya kawaida chini ya saa moja na nusu.

Lolote litakalochaguliwa, petroli isimiminwe kwenye injini moto ukiwaka, na galoni likae ncha ya pili ya chombo. Mafuta ya kukaangia yakishika moto hufunikwa kwa mfuniko au gunia lililoloweshwa, si kumwagiwa maji. Kila mtu awe amevaa jaketi la kujiokoa wakati wa kupika, kwa kuwa moto mtumbwini huwalazimu watu kuruka, na hapatakuwa na muda wa kulitafuta.

Kwa safari ya usiku mmoja, hata hivyo, jiko lifaalo zaidi ni lile linaloachwa mwaloni. Ugali na samaki ndani ya hotipoti, pamoja na chupa ya chai, huwatosha watu wanne hadi alfajiri, na galoni la petroli halina jirani wa kuliogopesha. Wenye safari ndefu wanaweza kuomba ushauri kwa kikundi cha BMU cha mwalo wao au kwa maofisa wa Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), lenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, kabla ya kufunga jiko la kudumu chomboni.