Noah Sadiki pale Sunderland: tumuweke katika ekipe ama tumuache?

Ligi ya Uingereza inarudi Ijumaa tarehe 15 mwezi wa nane 2025, Liverpool na Bournemouth. Kwa wale wanaocheza fantasi kwa simu, mlango unafungwa saa moja na nusu ya usiku (19h30), saa za Bunia. Ukichelewa kupanda kutoka shimoni, ama betri ikiisha, ni basi mpaka juma la pili.

Kwa mama na baba ambao wanaona tu vijana wameinamia simu, tueleze kidogo. Fantasi si pari. Kuingia ni bure. Unapewa feza za mchezo, milioni 100, unanunua wachezaji 15: magolikipa 2, mabeki 5, wa katikati 5, washambuliaji 3. Ekipe moja haiwezi kukutolea zaidi ya watatu. Vile wanavyocheza kweli uwanjani, njo vile unavyopata pointi. Feza zinaingia tu kama marafiki wamepatana kuchanga, na hapo kila mtu ajue mfuko wake. Mtu aliyefanya juma nzima ndani ya maji hawezi kuchezea posho ya watoto juu ya Sunderland.

Sasa, Sadiki. Alizaliwa Brussels mwezi wa kumi na mbili 2004, akalelewa na Anderlecht, halafu akaenda Union Saint-Gilloise. Pale alipata kombe la Ubelgiji 2024, na mwaka huu akashinda ligi. Union ilikuwa haijashinda ligi tangu 1935, hesabu mwenyewe miaka. Sasa Sunderland imemnunua, na yeye ni mtoto wa Léopards. Njo maana kila Mkongomani anataka kumuweka, na njo maana tuangalie vizuri kabla ya kubonyeza.

Kabla ya mwaka huu jibu lingekuwa fupi: hapana. Sadiki si mtu wa mabao. Kazi yake ni kukimbia, kunyang'anya, kukata pasi, kurudisha mpira kwa wenzake. Fantasi ilikuwa inamtazama mtu wa namna ile sawa vile mnunuzi wa dhahabu anavyotazama kijana wa kubeba mchanga: bila yeye hakuna kitu kwenye mizani, lakini jina lake haliandikwi mahali.

Saison hii sheria imebadilika. Beki akifikisha matendo 10 ya kulinda katika mechi moja, yaani kuondoa mpira, kuzuia shuti, kukata pasi ama kunyang'anya, anapewa pointi 2. Kwa mchezaji wa katikati na mshambuliaji kiasi ni 12, lakini kwao mpira uliookotwa unahesabiwa pia. Ni kali: 11 ni sawa na sifuri, na hata ukifanya 20 ni pointi 2 tu.

Tupige hesabu. Mchezaji akifika dakika 60 anapata pointi 2. Chini ya hapo, 1. Sadiki akimaliza mechi na kufikisha 12, ana 4 bila kugusa nyavu. Sunderland isipofungwa bao, anaongezewa 1. Chukua mshambuliaji wa bei ya chini, anayefunga mara moja kwa mechi tatu. Bao lake ni 4, kwa hiyo anapata 2, 2 na 6: jumla 10. Sadiki akifikisha 12 katika mechi mbili kati ya tatu, anapata 4, 4 na 2. Ni 10 ileile. Na kufunga ni bahati kuliko kukimbia.

Kuna jambo lingine linalomsaidia, ingawa ni baya kwa Sunderland. Wamepanda tu, kwa kupiga Sheffield United 2-1 pale Wembley tarehe 24 mwezi wa tano. Na miaka miwili mfululizo, ekipe zote tatu zilizopanda zilishuka palepale. Ekipe ndogo inashambuliwa sana. Anayesimama mbele ya mabeki hatakosa kazi.

Lakini je, atasimama pale? Hapa njo hatari yenyewe. Jobe Bellingham ameenda Dortmund, nafasi ikafunguka. Halafu Sunderland ikaleta Habib Diarra kutoka Strasbourg, ikabakiza Enzo Le Fée, na mwishoni ikamchukua Granit Xhaka wa Leverkusen, mzee wa kazi. Kocha Régis Le Bris ana watu wengi kwa nafasi tatu. Kwa maoni yangu Xhaka anamsaidia Sadiki kuliko kumfukuza: mmoja anapiga pasi akiwa amesimama, mwingine anakimbia kwa niaba yake. Ila akitolewa kila dakika ya 55, hesabu yote ya juu inaanguka.

Kwa hiyo katika mechi hizi za mazoezi usiangalie nani amefunga. Angalia nani anaanza na Xhaka, na nani bado yuko uwanjani dakika ya 75. Angalia pia kama anawekwa beki wa kulia, kazi aliyowahi kufanya. Mchezo utaendelea kumhesabu kama mtu wa katikati, na kiasi chake kitabaki 12 hata akicheza nyuma.

Mimi namuweka mtu wa tano wa katikati, si zaidi. Ukapteni, ambao unazidisha pointi mara mbili, hapana kabisa. Mechi ya kwanza ni Jumamosi tarehe 16, saa kumi (16h00) kwetu, nyumbani kwa Sunderland dhidi ya West Ham ya Aaron Wan-Bissaka, ambaye naye ana asili ya Kongo. Kama Sadiki hakucheza hata dakika moja, mtu wa benchi ataingia mahali pake bila kupoteza kitu, na uhamisho mmoja wa kila juma ni bure. Wa kuongeza unakukata pointi 4, basi usikimbie.

Yoane Wissa je? Mabao 19 msimu uliopita, lakini aliacha kambi ya Brentford kule Ureno sababu anataka kuondoka. Feza nyingi kwa mtu ambaye hatujui atavaa jezi gani: mimi nangoja.

Na muandike tarehe hii: CAN inaanza Moroko tarehe 21 mwezi wa kumi na mbili, mpaka tarehe 18 mwezi wa kwanza. Léopards wako kundi moja na Senegal, Benin na Botswana. Mchezo utawapa wote uhamisho mpaka 5 kabla ya hapo, kwa hiyo Sadiki akiitwa, kumtoa hakutakugharimu pointi.