Tulipomla kikande tuliondoa na hofu

Nilipokuwa mdogo, ami yangu alikuwa akitega madema ndani ya mwamba, kaskazini mwa Mombasa. Dema likiinuliwa na kikande yumo, hakuna aliyefurahi. Ngozi yake ni ngumu, na meno yake ukizembea yanakutoa kidole. Hata hivyo hakurudishwa majini. Alitiwa tengani na wenziwe, maana samaki ni samaki na watoto nyumbani wanangoja. Leo nikikumbuka naona tulikuwa tukimla askari wa mwamba wetu wenyewe.

Kazi ya kikande ni ipi? Meno yale yanayotutia hofu ndiyo yanayovunja gamba la nungu wa bahari, yule mdudu mwenye miiba ambaye karibu kila mtoto wa pwani amewahi kumkanyaga maji yakitoka. Ni samaki wachache wanaomweza, na katika miamba yetu kikande ndiye bingwa wao.

Lakini ndugu msomaji, kikande hafanyi kazi kwa kula peke yake. Anafanya kazi kwa kuogopwa pia. Mahali alipo, nungu hujibana ndani ya tundu lake na kuridhika na majani yanayoletwa na maji hadi mlangoni. Kikande akitoweka, nungu yule yule hutoka nje mchana kweupe na kujilia atakapo. Wanaosalia hai huwa wengi, na kila mmoja huwa hana wa kumwogopa.

Haya si maneno ya barazani tu. Mtafiti Tim McClanahan, aliyeichunguza miamba ya Kenya kwa miaka mingi, alilinganisha hifadhi zetu za baharini, kama Malindi na Watamu zilizoanzishwa mwaka 1968, na miamba inayovuliwa ya Vipingo, Kanamai na Diani. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1990, nungu katika miamba inayovuliwa walikuwa wamesongamana zaidi ya mara 100 kuliko hifadhini, na uwezekano wa nungu kuliwa ulikuwa mdogo kwa mara 4.

Kuna atakayeuliza: nungu wakizidi, mimi yanihusu nini? Nungu hali majani peke yake. Anapokwangua mwani hukwangua na jiwe la matumbawe lililo chini yake. Wakiwa wachache hasara haionekani. Wakiwa maelfu, mwamba husagwa kidogo kidogo ukawa mchanga. Tafi na pono, ambao nao hula mwani, hunyang'anywa chakula. Wako pia nungu wa aina nyingine wanaofyeka nyasi za baharini, mahali ambapo samaki wadogo hujificha. Na mwamba huo ndio unaovunja mawimbi ya kusi kabla hayajafika kwenye fuo na nyumba zetu.

Sisi nasi ni wawindaji, na samaki wanatujua. Ingia majini ndani ya hifadhi ya Kisite uone changu wanavyokukaribia bila wasiwasi. Kisha nenda mwamba unaopigwa bunduki ya mishale kila siku: utaona mikia tu. Samaki anayekaa macho juu hana nafasi ya kula vizuri, wala hathubutu kwenda mbali na pango lake. Kwa hivyo tumeigeuza hofu ya baharini juu chini. Nungu aliyestahili kuogopa ametulia, na samaki wala mwani, waliokuwa wakiusafisha mwamba, ndio wanaokimbia.

Simlaumu mvuvi. Ami yangu alikuwa na vinywa vya kulisha, na hakuna aliyemweleza haya. Ila leo tunajua. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku juya. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wenyeji hawakungoja amri ya mtu: walitenga wenyewe sehemu ya bahari yao isivuliwe, wakaiita tengefu. Huo ni mfano mwema, lakini si kila kijiji kina nafasi ya kufunga eneo zima.

Kuna jambo dogo ambalo kila mwenye dema anaweza kulianza kesho. Kikande akitoka hai, mfunge kitambara ulinde vidole, umrudishe majini. Thamani yake mnadani si kubwa, na dema letu la maji mafupi humtoa akiwa mzima. Tusidanganyane: kikande hurudi polepole sana, na hata ndani ya hifadhi imechukua miaka mingi kabla ya idadi yake kupanda. Anayemwachilia leo huenda asile faida yake. Ataila mwanawe, ikiwa mwamba bado upo.