Nyumba ya Udongo Iliyonunuliwa kwa Pauni 10

Wengi wetu hudhani ya kwamba nyumba ya fito na udongo ni ya miaka michache tu, na ati Wazungu walijenga kwa mawe tangu zamani. Basi sikieni habari za nyumba moja katika kijiji cha Alfriston, kusini mwa Uingereza, karibu na mto Cuckmere. Ina umri wa miaka 600 hivi, nayo ni ya fito zilizokandikwa udongo.

Kwanza mafundi walisimamisha mifupa ya nyumba kwa mbao za mwaloni, mti mgumu wa huko. Mbao zilichongwa zingali mbichi, zikatobolewa na kuunganishwa kwa vigingi vya mti. Zilipokauka zikakaza kabisa. Kati ya nguzo wakasuka fito, wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe. Akina mama wetu wanaijua kazi hii vizuri sana! Juu wakaezeka kwa nyasi.

Ukiingia, unakuta ukumbi mkubwa usio na dari. Ukiinua macho unaona mpaka kwenye paa. Zamani moto uliwashwa pale pale sakafuni, moshi ukajitafutia njia juu, sawa na jikoni zetu nyingi. Mabomba ya moshi yalienea vijijini huko baadaye, katika karne ya 16 na ya 17. Nyumba za mtindo huu huwa na vyumba vya ghorofa kila upande wa ukumbi, na ghorofa hiyo hutokeza mbele kidogo kupita ukuta wa chini.

Na sakafu je? Ni mawe laini meupe ya chaki, yaliyopondwa, yakashindiliwa, kisha yakapakwa maziwa yaliyoganda. Naam, mala! Maziwa hushikanisha vumbi lisipeperuke.

Siri ya umri huo wote si udongo. Udongo ukilowa huanguka, uwe wa Uingereza au wa Ukambani. Nyumba kama hizi hudumu kwa kuwa zina kofia na viatu: paa lenye upenu mpana, na msingi wa mawe unaoinua mbao zisiguse ardhi yenye unyevu.

Hata hivyo kidogo tu ipotee. Ilikuwa mali ya kanisa, ikiitwa nyumba ya makasisi, lakini ikachakaa. Mwaka 1879 ruhusa ya kuibomoa ilitolewa. Mama mzee aliyekaa humo, Harriet Coates, akasihi aachwe mpaka afe, wakamkubalia. Alifariki 1888. Kasisi wa kijiji, F. W. Beynon, hakutaka ibomolewe, akatafuta msaada huku na huku. Mwishowe ombi lilifikia chama kipya kiitwacho National Trust, kilichoanzishwa 1895 na Octavia Hill, mama aliyejulikana kwa kuwatafutia maskini wa London makao bora, pamoja na wakili Robert Hunter na kasisi Hardwicke Rawnsley. Mwaka 1896 waliinunua kwa pauni 10 tu. Ndiyo jengo lao la kwanza.

Lakini kununua kulikuwa rahisi. Kutengeneza ndiko kulikokuwa na gharama, ikambidi Octavia Hill aombe michango kwa watu. Leo chama hicho kina wanachama zaidi ya milioni 5, na kazi ya nyumba ile haijaisha. Paa la nyasi la huko huhitaji kuezekwa upya kila miaka 20 au 30 hivi. Ukuta wa namna hii ukipasuka, fundi mzuri huukandika kwa udongo ule ule. Hatumii simiti, maana simiti hufungia maji ndani, na mbao zikaoza bila mtu kuona.