Baiskeli yenye shokabsoba mbele: je, inafaa njia zako? Mambo ya kupima kabla ya kununua Busia au Tororo

Je, unafikiria kununua baiskeli ya kwenda shambani, sokoni, kuchota maji au kubeba abiria? Katika masoko ya Busia, Malaba na Tororo utakutana na aina nyingi. Kuna zile nyeusi za chuma, Black Mamba, na kuna za mtumba zenye gia na shokabsoba kwenye gurudumu la mbele. Wauzaji wengi watakuambia kwamba yenye shokabsoba ndiyo bora kwa barabara mbovu. Kwa baadhi ya watu ni kweli. Kwa anayebeba mzigo kila siku, mara nyingi si kweli.

Makala hii inakueleza kazi ya shokabsoba, ni nani inamfaa, na namna ya kuikagua kabla ya kutoa pesa. Kwa familia nyingi, ziwe za wakimbizi au za wenyeji, baiskeli hununuliwa kwa akiba ya miezi mingi. Ikiharibika baada ya wiki tatu, kazi inasimama na akiba imekwisha.

Shokabsoba hufanya nini?

Foki ni ile sehemu yenye miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Ikiwa na shokabsoba, ndani ya miguu hiyo kuna springi. Ukigonga jiwe au shimo, foki hujikunja na kurudi. Mikono haichoki haraka, na gurudumu linabaki chini badala ya kurukaruka, hivyo ni rahisi kuongoza baiskeli kwenye mteremko wenye mawe.

Lakini foki si zote sawa. Baiskeli za kisasa za changarawe, kama zile zinazotumika katika mashindano ya Migration Gravel Race yaliyoanza Maasai Mara, Kenya, mwaka 2021, huwa nyepesi na zina tairi pana kiasi. Zile zenye shokabsoba hutumia foki inayojikunja milimita 30 hadi 60 tu, na ndani yake kuna mafuta yanayozuia springi isirudi kwa kishindo. Foki za bei nafuu nyingi zina springi peke yake. Hurukaruka, huongeza uzito wa kilo moja au zaidi, na ukisimama kukanyaga mlimani, nguvu yako nyingine inaishia kwenye springi badala ya kukusogeza mbele.

Mzigo unakaa nyuma

Mpaka huu ndio uliozaa neno "boda boda". Tangu miaka ya 1960, waendesha baiskeli wa Busia wamekuwa wakivusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpakani. Kazi hiyo ilifanywa kwa baiskeli ngumu za chuma, bila shokabsoba.

Sababu yake bado ipo. Abiria, gunia la mahindi na mitungi ya maji hukaa kwenye keria, juu ya gurudumu la nyuma. Springi ya mbele haiupunguzii mzigo huo mshtuko wowote. Kinachoteseka ni spoki, rimu, tairi na keria ya nyuma. Hata Buffalo, baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief iliyoundwa kwa ajili ya vijiji vya Afrika, haina shokabsoba. Waundaji wake waliweka chuma kwenye fremu, keria na magurudumu.

Kwa hiyo, ikiwa baiskeli yako ni ya mzigo, anza ukaguzi nyuma. Baiskeli yenye shokabsoba nzuri mbele na spoki dhaifu nyuma haitakufikisha mbali.

Pima kwa njia yako

Fikiria safari unayofanya mara nyingi zaidi, kisha ujiulize sehemu kubwa ya njia ni ya aina gani.

Lami. Kwenye barabara kuu ya Tororo hadi Malaba, shokabsoba haikuongezei kitu. Hatari yako ni malori na trela. Weka pesa kwenye breki, kioo cha pembeni, taa na vibao vya kuakisi mwanga.

Changarawe. Barabara ya changarawe yenye mawimbi madogo huchosha mikono, na hapo shokabsoba inasaidia. Lakini tairi pana lisilojazwa upepo kupita kiasi husaidia pia, kwa gharama ndogo. Usizidi wala usipungue kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, na ukibeba mzigo ongeza upepo nyuma.

Vijia vya mashambani. Kama unapita kila siku kwenye mawe, mizizi na mitaro, na hubebi mzigo mkubwa, hapa ndipo shokabsoba nzuri inapolipa. Mhudumu wa afya wa kijiji anayetembelea nyumba zilizo mbali na barabara, au mwanafunzi anayekatiza mashamba, anaweza kufaidika nayo.

Tope. Katika miezi ya mvua, udongo wa mabondeni hunata kwenye tairi. Angalia nafasi kati ya tairi na foki, na kati ya tairi na fremu. Kama kidole hakipiti, tope litakwamisha gurudumu.

Kagua hivi kabla ya kulipa

1. Shika breki ya mbele, kisha sukuma usukani mbele na nyuma. Ukisikia kugongagonga, foki au beringi za usukani zimelegea.

2. Bonyeza usukani kwa uzito wa mwili wako mara 10. Foki ishuke na kupanda vizuri kila mara. Kama imekwama, unanunua chuma kizito kisicho na kazi.

3. Tazama mirija inayoingia na kutoka kwenye foki. Pitisha ukucha. Kutu au mikwaruzo huruhusu maji na mchanga kuingia ndani.

4. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea kwenye foki na fremu. Rangi mpya sehemu moja tu inaweza kuficha ufa. Foki ikikatika kwenye mteremko utaanguka kwa uso, nawe huenda umebeba mtoto.

5. Zungusha magurudumu yote mawili. Yasiyumbe. Gusa kila spoki ya nyuma, zisiwe legelege.

6. Ijaribu ikiwa na mzigo wa kawaida yako, kwenye njia mbovu na kwenye mteremko mdogo. Mwagia rimu maji kidogo ujaribu breki tena. Rimu za chuma hushika vibaya zikilowa.

7. Kabla ya siku ya kununua, muulize fundi aliye karibu na kwako: tairi, spoki na breki za aina hii zinapatikana? Foki ikifa, ya kawaida isiyo na springi itaingia? Kama jibu ni hapana, tafuta baiskeli nyingine.

Baada ya kununua, futa mirija ya foki kwa kitambaa kila unapotoka kwenye tope. Usielekeze maji ya nguvu kwenye maungio yake.

Karatasi zako na za baiskeli

Usinunue bila maandishi. Omba risiti au mkataba wenye jina la muuzaji, tarehe, bei na namba ya fremu, ambayo mara nyingi hugongwa chini ya fremu, karibu na pedeli. Uganda, watu wengi huandikishiana mbele ya mwenyekiti wa LC1. Baiskeli ya wizi ikikamatwa mikononi mwako, utapoteza pesa na utalazimika kujieleza polisi. Kwa mkimbizi au mwomba hifadhi, tatizo hilo linaweza kuwa zito zaidi.

Kama baiskeli nzuri iko upande wa pili wa mpaka, kumbuka kwamba kitambulisho cha mkimbizi si pasipoti. Ulizia kwanza ofisi inayoshughulikia wakimbizi kuhusu hati ya kusafiria, na uwaulize maafisa wa forodha kuhusu ushuru kabla hujalipa. Usipite njia za panya ili kuokoa pesa kidogo.

Uamuzi wako

Unabeba mzigo au abiria? Chagua foki ngumu, gurudumu imara la nyuma, keria nzito na breki nzuri. Unasafiri peke yako kwenye njia mbovu, na fundi wako ana vipuri? Shokabsoba inayofanya kazi itakusaidia. Umepata yenye shokabsoba iliyokwama kwa bei ya chini? Iache, isipokuwa fundi amekuhakikishia foki ya kawaida itaingia, na gharama yake umeshaijumlisha kwenye bei.

Vyovyote utakavyochagua, usimalize pesa zote kwa muuzaji. Bakiza za pampu, viraka na tyubu moja ya akiba.