DAMU YETU ISIWE KOROSHO GHAFI

Mkulima wa Mtwara anaijua hasara ya kuuza kitu kighafi. Kwa miaka mingi korosho yake imepakiwa melini na maganda yake, ikabanguliwa India na Vietnam, na faida ya kubangua ikabaki huko huko. Tunalikumbuka jambo hilo kila tunaposikia habari za ushirikiano baina ya vyuo, watafiti na viwanda katika elimu mpya iitwayo bayoinfomatiki, maana hapa malighafi ni damu ya wananchi.

Karibu kila chembe hai ya mwili wa binadamu ina maandishi ya urithi yenye herufi zipatazo bilioni 3. Mashine huyasoma vipande vipande. Kuviunga vipande hivyo kwa kompyuta, kuvilinganisha na vya watu wengine, na kutambua ni herufi ipi iliyogeuka ikaleta maradhi, ndiyo kazi ya bayoinfomatiki. Damu isiyosomwa haina bei. Anayejua kuisoma ndiye anayekaa meza moja na kiwanda cha dawa.

Mfano upo. Mwaka 2005 na 2006 watafiti wa Dallas, Marekani, wakiongozwa na Jonathan Cohen na Helen Hobbs, walitangaza kwamba Wamarekani weusi wapatao 2 au 3 katika kila 100 wamezaliwa na mageuzi yanayoidhoofisha jeni iitwayo PCSK9, na kwamba watu hao wana lehemu kidogo katika damu na aghalabu husalimika na maradhi ya moyo. Viwanda vikaishika njia hiyo. Mwaka 2015 dawa mbili, alirocumab na evolocumab, ziliruhusiwa Marekani, kila moja ikianza kwa bei iliyozidi dola 14,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Wataalamu wale hatuwalaumu hata kidogo. Kazi yao ilikuwa njema. Lakini siri ile ilikuwa imo katika damu yenye asili ya Afrika, na Afrika haikuwapo mezani.

Hata hivyo bara letu halikukaa bure. Chini ya mpango wa H3Africa, uliogharimiwa na taasisi za afya za Marekani na mfuko wa Wellcome wa Uingereza, uliundwa mwaka 2012 mtandao wa H3ABioNet, ukiongozwa na Profesa Nicola Mulder wa Chuo Kikuu cha Cape Town. Mwaka 2016 mtandao huo ulifundisha somo la utangulizi kwa wanafunzi 364 katika madarasa 20 ya nchi 10 za Afrika. Mhadhara ulikuja kwa video, wanafunzi wakakusanyika katika vyuo vyao wenyewe, na wasaidizi wakakaa nao kuwaongoza. Hakuna aliyehitaji pasipoti. Sisi tuliosoma madrasa, ambako mwanafunzi mkubwa humshika mkono mdogo kabla mwalimu hajafika, hatuoni ajabu kwamba utaratibu huo ulifaa.

Taabu huanza baada ya cheti. Ufadhili wa H3Africa ulifikia kikomo mwaka 2022, kwani fedha za mradi huja na tarehe yake ya mwisho. Kijana aliyefunzwa kusoma jeni asipopata maabara wala kiwanda cha kumwajiri, atavuka bahari, au atarudi kufanya kazi isiyohusiana na alichosomea. Hapo ndipo viwanda vinapohitajika, wala hatukubaliani na wale wanaoiona kila kampuni kuwa ni nyonyaji.

Lakini tusifumbe macho. Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kilidai kirudishiwe sampuli za jeni zilizokuwa katika Taasisi ya Sanger ya Uingereza, baada ya malalamiko kwamba ulikuwapo mpango wa kutengeneza kifaa cha biashara bila idhini ya kutosha ya wenye sampuli. Taasisi hiyo ilikanusha kutenda kosa. Sisi si mahakimu wa shauri hilo. Tunaloliona ni kwamba mabishano juu ya biashara yalizuka sampuli zikiwa zimekwisha kuvuka bahari.

Na jambo hili linatugusa sisi wenyewe. Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa utafiti tangu mwaka 2004. Mwezi Desemba 2023 Marekani iliruhusu tiba ya kwanza ya kuhariri jeni kwa ajili ya selimundu, kwa bei ya dola milioni 2.2. Ni mzazi gani wa Temeke au Masasi atakayezipata fedha hizo?

Kwa hiyo kampuni inayotaka kushirikiana na vyuo vyetu ikaribishwe, na masharti yaandikwe kabla ya chupa ya kwanza ya damu kuondoka. Uchambuzi ufanyike hapa. Idadi ya vijana watakaoajiriwa itajwe kwa tarakimu, na bei ya dawa itakayotokana na kazi hiyo ijadiliwe mapema. Mwananchi naye aulizwe, kwa lugha anayoielewa, kama anaridhia damu yake iingizwe katika biashara. Wizara zinazohusika zinaweza kuanza na mkataba utakaofuata.